Tabaga za Hawa: Kwa Ndege au kwa Meli

Marafiki zangu wa soko la Koboko, mmeniuliza habari za safari yetu mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande chake, mpaka vipande vimeanza kupingana. Aliyesikia habari za samaki hajui habari za meli, na aliyesikia habari za meli anadhani nilifika Mombasa. Sikufika Mombasa. Kwa hiyo nimekaa chini, jambo ambalo mnajua linanitesa, niwaandikie yote kwa mpango. Mambo ya fomu na mihuri nimeyaruka, kwa sababu nikiyakumbuka tu kichwa kinaniuma.

Wengi mlimjua dada yangu Hawa, aliyefariki mwaka jana. Ameacha binti mmoja, Salma, ambaye ni muuguzi Australia. Miaka yote ya ugonjwa wake Hawa alikuwa anasuka tabaga, zile kawa za ukindu wa rangi za kufunikia chakula, kwa ajili ya harusi ya Salma. Kwetu Wanubi, siku ya harusi upande wa bibi harusi hupeleka chakula kwa upande wa bwana, na wanawake wa upande ule huangalia kifuniko kwanza. Chakula baadaye. Wanataka kuona mkono wa mama.

Salma amepata mchumba huko huko, kijana ambaye watu wake walitoka Bombo, na mama yake ni Mnubi mwenye macho makali. Harusi iliwekwa mara baada ya Idi. Salma aliniambia kwenye simu, "Mama mdogo, tabaga za mama zisipofika nitafunika kwa plastiki, na nitacheka mbele ya watu. Lakini sitakuwa nacheka." Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Koboko hadi Arua: friji nyepesi

Nilipanga tuondoke mara baada ya sala ya alfajiri. Nimesema nilipanga. Mwenye kuamua alikuwa shangazi yangu, Hajati Zamzam, dada wa marehemu baba, ambaye alitangaza kwamba tabaga za Hawa hazisafiri na mimi peke yangu, kwa sababu mimi nina haraka na vitu vya ukindu havipendi haraka. Nikamwambia harusi ndiyo yenye haraka. Akaniambia nimletee viatu vyake.

Tulikuwa tumepewa boksi la friji na mwenye duka mmoja. Kila tabaga ilifungwa pamoja na sinia yake ya ukindu, ikasimama peke yake, haikugusana na mwenzake, na hapo katikati ya tabaga na sinia ndipo kina mama wa mtaa walipotia vitu vyao. Kwetu hutoi tabaga tupu. Kumpa mtu kifuniko kisichofunika kitu ni kumwambia ashinde njaa. Basi kila aliyekuja kuaga alikuja na kifurushi: simsim, bamia kavu, kahawa, karanga za kukaanga, na jirani yetu mmoja, Mungu ambariki, alileta samaki mkavu, angara, aliyefungwa vizuri kwenye kitambaa cheupe. Walikuja taratibu, wakakaa, wakanywa chai. Mimi nilisimama mlangoni nikizungusha ufunguo kidoleni mpaka kidole kikawa chekundu.

Nje palikuwa na pikapu ya Anguyo, Mlugbara anayepeleka muhogo mkavu Arua. Alipiga honi, akapiga tena, kisha akaja mwenyewe hadi barazani.

"Hajati, gari nangoja tangu asubuhi," akasema.

"Basi ingoje kidogo zaidi," Hajati akamjibu. "Imekwisha kuzoea."

Tulipoondoka jua lilikuwa juu. Boksi lilifungwa juu ya magunia, na kwa sababu lilikuwa kubwa na halina uzito, upepo ulilishika. Tulipofika sehemu za Maracha nililiona kwenye kioo likiinama upande mmoja kama linataka kushuka lenyewe. Nikamwambia Anguyo apunguze mwendo. Akapunguza sana, hata baiskeli zikatupita, nikamwambia aongeze.

"Mama, wewe nataka nini hasa?" akauliza.

Nilitaka tufike bila kwenda.

Kisha akasimama kula. Mwanamke mmoja wa pale aliuza enyasa, ugali mweusi wa muhogo na mtama, na maharage yaliyopondwa kwa simsim. Hajati alikaa kwenye benchi, akaosha mikono hadi viwiko, akala kwa utulivu wa mtu aliyefika. Mimi nilikula nimesimama. Wapita njia waliangalia boksi, wakatupongeza kwa kununua friji. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nikaacha, nikawa nasema asante tu.

Arua: mizani na tepu

Arua tulipokelewa na Candia, wakala wa mizigo ambaye niliambiwa anajua njia za ndege na za meli. Ni mtu mzima, mpole, na ofisi yake iko nyuma ya duka la magodoro. Wapagazi wake wawili walikuja kushusha friji. Walijikaza, wakahesabu, wakanyanyua kwa nguvu zote, na boksi likawaruka mikononi hadi mmoja akaketi chini.

"Hii friji iko na nini ndani?" akauliza yule aliyeketi.

"Iko na dada yangu," nikajibu, kisha nikajuta, kwa sababu aliruka pembeni. Ilibidi nimweleze kwamba ni kazi ya mikono yake tu.

Candia aliliweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa mdogo, mdogo kuliko gunia la nusu la unga. Nilimkumbatia Hajati. Nilijua kwamba ndege inauza kilo, na kilo zetu zilikuwa chache, michango ya ukoo ilitosha na ingebaki. Nilikuwa nimekwisha kutoa simu nimpigie Salma, ndipo nikamwona Candia anatoa tepu ya kupimia. Akapima urefu, upana na kimo, akabonyeza kikokotoo, akakuna shingo.

"Ndege naangalia mambo mbili, mama," akasema. "Uzito na ukubwa. Ile yenye iko zaidi, hiyo ndiyo wewe nalipa. Hii boksi iko nyepesi lakini inakula nafasi ya gunia mingi. Kwa ndege, hii iko mzigo mzito."

"Mnalipisha hewa?" Hajati akauliza.

"Hewa yenye iko ndani ya boksi, ndiyo, Hajati."

"Hewa ya Koboko."

"Hata ya Koboko."

Alipotaja bei nilikaa. Mimi, ambaye sikai. Candia akatuletea soda na kutueleza njia ya pili bila kutuharakisha. Kwa meli, alisema, hata bahari nayo inauza nafasi, ila nafasi ya bahari ni rahisi mno, friji nzima tungeilipia na bado tukanunua nguo za Idi. Lakini mzigo mdogo hausafiri peke yake. Unakwenda na lori hadi Mombasa, unangoja kontena lijae mizigo ya watu wengine, meli inaondoka, inashusha kwenye bandari nyingine, unangoja meli ya pili. Na kontena lina joto na unyevu, ukindu unaweza kuota ukungu na rangi zikachuja.

"Harusi itakuwa imekwisha?" nikamuuliza.

"Mama, hiyo harusi inaweza kuwa na mtoto," akasema.

Kisha akafungua boksi kidogo, akachungulia, uso wake ukachangamka. Alisema dawa iko pale pale. Tabaga zimetofautiana ukubwa, ziingizwe moja ndani ya nyingine, ndogo chini ya kubwa, masinia yalale bapa, na mzigo wote utakuwa mdogo kama sufuria ya shughuli. Hapo ndege tutaiweza.

Hajati aliweka chupa ya soda chini. "Hazipangwi," akasema.

Niwaeleze wale ambao si wa nyumba yetu. Kwetu tabaga hupangwa moja juu ya nyingine siku moja tu, siku mwenye jiko amezikwa. Wanawake wa nyumba huziosha, huzianika, huzipanga pembeni, na hakuna anayezigusa mpaka arobaini. Siku ya arobaini binti mkubwa wa marehemu huja akazipangua kwa mkono wake, moja moja, na baada ya hapo chakula hupikwa tena katika nyumba ile. Hawa alipofariki, Hajati ndiye aliyezipanga. Na kwa kuwa Salma hakuweza kusafiri, Hajati huyo huyo ndiye aliyezipangua. Nilimwona siku ile. Sitaki kumwona hivyo tena.

"Nimeshazipanga mara moja," akasema, akimtazama Candia ambaye hakujua lolote. "Siwezi kumpelekea bibi harusi matanga."

Candia akafunga boksi polepole. Akauliza kama ndani kuna chakula, kwa sababu Australia ni wakali. Hajati akasema hakuna. Nami nikasema hakuna. Wallahi hatukusema uongo. Mtu akikuuliza umebeba nini hutaji kitambaa ulichojifunga kichwani.

Vurra: kesho, na kama si kesho

Asubuhi yake Hajati alitaka tuitazame njia ya meli kwa macho. Candia alitwambia kuna mwanamke wa Kikongo, Mama Neema, anayekusanya mizigo Vurra mpakani na kuipeleka Mombasa kwa malori yanayoshuka kutoka Kongo. Boksi tukaliacha ofisini. Kuliacha kuliniumiza, kila baada ya muda nilimpigia Candia kumuuliza kama lipo, na kila mara alisema, "Mama, iko. Haina miguu."

Vurra malori yalikuwa yamepangana hadi upeo wa macho, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka, sufuria zinachemka kati ya matairi. Mama Neema tulimkuta amekaa kwenye gunia la kahawa, anachambua sombe, majani ya muhogo. Alitusogezea gunia lingine. Hajati akakaa, akachukua fungu la majani, akaanza kumsaidia, na katika dakika hiyo wakawa marafiki. Mimi nilizunguka lori.

"Mama, ile njia ya bahari ni muzuri," Mama Neema alisema. "Lakini ni muzuri kwa mutu mwenye hana siku. Kahawa yangu haina siku. Inangoya, miye nangoya, tunangoya wote."

"Lori linaondoka lini?" nikauliza.

"Kesho."

"Hakika?"

"Kama si kesho, kesho yake. Tunangoya mutu moja wa mbao, anatoka Aru, kule Kongo. Akikuya tunajaza, tunaenda." Akainua macho kunitazama. "Lakini wewe ni wa ndege. Naona miguu yako."

Kila mtu alicheka, hata dereva aliyekuwa amelala. Nilikasirika, halafu nikacheka nami, kwa sababu miguu ilikuwa inapiga ardhi yenyewe wakati anasema.

Hajati akamweleza habari za tabaga. Alimweleza vizuri kuliko alivyowahi kunieleza mimi, kwamba afadhali zichelewe zikiwa zimekaa kama zinavyopaswa kukaa kuliko kuwahi zikiwa zimepangwa kama za maiti. Mama Neema alisikiliza hadi mwisho.

"Na mutoto anasema nini?" akauliza.

"Bibi harusi hasumbuliwi na mambo ya matanga," Hajati akajibu.

"Ah," Mama Neema akasema, akarudi kwenye sombe yake.

Tulikula pale, sombe na ugali, na mtu wa mbao hakuja. Mchana uliisha. Nilitembea hadi kizuizi nikarudi, nikatembea tena, afisa mmoja wa forodha akaniuliza nimepoteza nini. Wakati wa kurudi Arua nilimwambia Hajati ukweli wangu, kwamba mzigo nikiuweka kwenye lori lile nitazeeka. Tukapatana kitu ambacho hakikumfurahisha yeyote kati yetu: tutakwenda Entebbe wenyewe, labda bei ya pale ni nafuu. Zile ambazo fedha itatosha zitaruka hivyo hivyo zilivyokaa, na zitakazobaki zitakwenda kwa meli.

Arua hadi Entebbe: tembo na kiti cha nyuma

Basi la mchana lilitukataa mara mbili. Utingo alisema friji haiingii kwenye buti kwa sababu buti imejaa. Nikamwambia alinyanyue kwanza. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalitikisa, akanitazama.

"Hii iko friji ya aina gani?"

"Ya kienyeji," Hajati akasema. "Itakaa kwenye kiti."

Boksi likapewa viti vya nyuma, nasi tukakaa mbele yake, na safari nzima nilikuwa nageuka kulitazama hadi shingo ikakakamaa. Harufu ya angara ilianza kujitokeza baada ya Nebbi. Abiria mmoja aliuliza nani amebeba samaki. Hakuna aliyejibu. Hajati alisema kwa sauti kwamba siku hizi watu hawana haya, wanabeba samaki kwenye basi.

Pakwach tulinunua samaki mwingine, wa kukaanga huyu, kupitia dirishani, na dereva akaapa kwamba sasa hatutasimama tena. Mbele kidogo tukasimama. Tembo walikuwa wanavuka barabara. Watu wote wakatoa simu, wakawa wanapiga picha na kuitana, na dereva akazima injini kwa heshima. Mimi, Mungu anisamehe, niliwachukia wale tembo. Mmoja alisimama katikati ya lami akawa anapuliza vumbi mgongoni mwake bila kujali mtu. Nikamwambia Hajati kwamba hata huyu ni ndugu yake.

"Kwa nini unaogopa kukaa?" Hajati akaniuliza, macho yake yakiwa kwa tembo.

Nikamwambia nikikaa namwona Hawa akisuka. Ukweli ndio huo. Alikuwa anasuka amekaa, miguu imevimba, na mimi nikiingia na kutoka. Hajati alichambua miiba ya samaki, akanipa nyama yake, akala kichwa.

Tulilala kwa jamaa zetu Bombo, na asubuhi gari la shemeji yetu wa pale likatupeleka Entebbe.

Entebbe: adabu haipandi ndege

Ghala la mizigo la uwanja wa ndege ni kubwa na baridi. Tulingoja zamu yetu nyuma ya maboksi ya maua na mafungu ya pilipili, vitu ambavyo havina nafasi ya kungoja meli, na nikajisikia nipo na wenzangu. Boksi letu likaingia kwenye mashine ya kukagua. Likatoka. Likarudishwa ndani. Afisa akatuita. Alikuwa mtu wa miraba minne, Kiswahili chake cha kambini.

"Nyinyi mama, mimi nilisoma hapa hakuna chakula. Hii iko nini?" Akaonyesha kwenye kioo umbo la angara, mifupa yote inaonekana, hata mkia.

"Hiyo si chakula," Hajati akasema. "Hiyo iko adabu."

"Adabu iko na mifupa?"

Akatuambia tufungue yote. Tulifungua tabaga moja baada ya nyingine mbele ya watu wa ghala, na chini ya kila moja kulikuwa na kifurushi cha jirani fulani. Nilivitambua vitambaa vyao. Afisa alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini kadiri vifurushi vilivyozidi kutoka ndivyo alivyozidi kushindwa. Mwishoni akauliza ni akina mama wangapi wamepika. Alisema vitu hivi haviendi Australia, hata punje ya simsim, na vikikutwa kule mzigo wote unachomwa. Neno hilo la kuchomwa lilinitoa jasho katika baridi ile. Basi tukavigawa. Wapagazi walikula karanga, afisa akachukua kahawa, na yule angara akaenda na mfagizi mmoja ambaye alimpokea kwa mikono miwili.

Kisha tabaga zilibaki tupu zimetandazwa kwenye meza ya bati, nyekundu, kijani, zambarau, na mpimaji akaja na tepu yake. Bei haikuwa nafuu. Fedha yetu ilitosha tabaga moja na sinia yake.

"Moja," Hajati akasema.

"Moja, mama. Au mpange zote ndani ya boksi ndogo, zinaenda zote. Ndege ya mizigo inafunga leo," mpimaji akasema, akaenda kwa mwingine.

Hajati alianza kuchagua. Alishika ile kubwa, ya mwisho kusukwa, mishono yake imelegea kwa sababu vidole vya Hawa vilikuwa vimekwisha nguvu. Akaiweka. Akashika ile ndogo, ya kwanza, imekaza hata maji hayapiti. Akaiweka pia. Alizunguka meza ile mara nyingi, na kwa mara ya kwanza katika safari yote mimi ndiye niliyesimama kimya mahali pamoja nikimtazama yeye akihangaika. Nilitaka kumwambia azipange, tumalize.

Badala yake nikampigia Salma. Kwake ilikuwa jioni. Kabla hajasema chochote nikampa Hajati simu, nikamwambia, "Mweleze mwenyewe. Mimi sithubutu."

Hajati akaeleza. Alieleza kwa mkato, akipanda na kushuka, kwamba ndege inauza nafasi, kwamba meli itachelewa, kwamba wanataka zipangwe, na kwamba yeye amekataa kwa sababu ni jambo la kaburi na bibi harusi asilisikie. Sauti ya simu ilikuwa juu, nilisikia yote.

"Habuba," Salma akasema, ndivyo anavyomwita, bibi kwa Kinubi chetu. "Mama alipozikwa, nani alizipanga?"

"Mimi."

"Na siku ya arobaini nani alizipangua?"

"Mimi, mwanangu."

"Ilikuwa kazi yangu."

"Ilikuwa yako. Hukuwepo."

"Siku ile nilikuwa kazini," Salma akasema. "Niliosha wagonjwa wa watu mpaka zamu ikaisha, nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani, hakukuwa na kitu cha kufanya. Hapa hakuna kitu cha mama cha kushika. Mpaka leo siamini. Zipange, Habuba. Zipange kama siku ile. Nitazipangua mimi."

Hajati alinirudishia simu bila kuizima. Akamwomba mpagazi maji, akanawa mikono na kuikausha vizuri kwa kanga yake. Akaichukua ile ndogo, akaiweka kwanza, akaifunika kwa inayoifuata, na inayoifuata, midomo yake ikisoma dua. Alipofikia ile kubwa nikashika upande wa pili, tukaishusha pamoja. Wapagazi waliacha kutafuna. Hawakujua ni nini, lakini waliacha.

Boksi lililopatikana lilikuwa dogo, la sabuni, na masinia yakalala bapa chini. Mpimaji alilipima mara mbili kwa kutoamini, akataja bei, nasi tukalipa.

Kurudi Koboko

Habari za kurudi ni fupi. Basi halikuharibika, tembo hawakuonekana, na Hajati alilala njia nzima akiniegemea bega, nami sikulisogeza hadi Arua, ingawa lilikufa ganzi. Candia alitupigia mwenyewe kusema mzigo umeondoka, kisha akapiga kusema umefika, na ndani ya siku hizo katikati nilifagia uwanja mpaka Hajati akaficha ufagio.

Salma alipiga simu ya picha asubuhi moja kabla ya Idi. Nyumba yetu ilijaa, kina mama wote waliotoa vifurushi walikuja, nasi hatukuwa bado tumewaambia vilikokwenda. Tuliegemeza simu kwenye birika. Kule tuliona sebule, mkeka, na boksi la sabuni limekwisha kufunguliwa. Salma alikuwa amekaa chini, amejifunga kanga kama mtu wa nyumbani, na nyuma yake amesimama mwanamke wa makamo ambaye nilimjua kwa macho yake, mama wa bwana harusi. Alikuwa ameona namna zilivyopangwa. Ni Mnubi, hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amevua viatu.

Salma aliinua ile kubwa akaiweka pembeni yake. Akainua ya pili. Kila aliyoiinua aliipitisha kidole ukingoni, akiitafuta mishono, na zilivyozidi kuwa ndogo ndivyo alivyozidi kuinama, mpaka tukawa tunaona kichwa chake tu. Alipoifikia ya mwisho, ile iliyokaza, hakuiinua. Alilia hapo, kwa sauti, kilio cha siku ya kwanza ya msiba. Hajati alilia huku, na kina mama wote wakaitikia, hata majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki. Nikawaambia ni Hawa.

Yule mama wa bwana harusi alipiga magoti nyuma ya Salma, akamshika mabega, akangoja. Hakumharakisha. Mimi nami nilikuwa nimekaa, sijui tangu saa ngapi.

Kisha Salma akajifuta uso kwa kanga, akaiinua tabaga ya mwisho, akaiweka pamoja na nyingine. Akageuka nyuma, akamwambia mama mkwe wake kwamba sasa chakula kinaweza kupikwa.